Nguchiro na Ndoano Yake Moja

Hodi, nimebeba hadithi!
— Itue tuione!
Ina miguu minne!
— Basi itembee!
Ina na mkia!
— Usituachie njiani!

Haya. Mimi sikuwepo. Aliyenisimulia naye hakuwepo. Kwa hiyo kila neno ni kweli, maana hakuna shahidi wa kutupinga.

Palikuwa na mlima mrefu, na kule juu palikuwa na ziwa. Si ziwa kubwa. Ukipiga chafya ng'ambo hii, wa ng'ambo ile anakuitikia "afya".

Mwaka mmoja kipupwe kilipanda mlima ule, kikakaa. Wanyama wakangoja kiondoke. Hakikuondoka. Asubuhi moja wakaenda kuchota maji wakakuta maji yamekuwa jiwe. Wakagonga: ti, ti, ti. Wakaramba, ndimi zikanata. Wakasema, hii ni barafu, na hapa si pa kukaa.

Paa wakashuka bondeni. Nguruwe wakashuka. Nyani wakashuka huku wanatukana. Mlimani wakabaki watatu tu.

Chui alibaki, kwa sababu alikuwa ameshatangaza kwamba mlima ni wake, na mwenye mlima haonekani akikimbia baridi.

Nungunungu mchuuzi alibaki, kwa sababu penye shida pana biashara.

Na Nguchiro alibaki kwa sababu ya mavyaa wake, mama wa mumewe, ambaye miguu ilikuwa haimbebi tena. Mume mwenyewe alikuwa ametangulia kutafuta njia fupi ya kushuka. Mpaka leo bado anaitafuta. Nguchiro akabaki pangoni na watoto watatu, na mavyaa, na nusu mtungi wa asali.

Panzi wakaisha. Mayai yakaisha. Mijusi ikaisha. Watoto wakaenda kulala kifudifudi juu ya barafu, wakatazama chini. Wakaona samaki wanapita, wanene, kimya, kama wageni wa heshima.

"Mama," wakasema, "chakula kipo. Kina kifuniko tu."

Nguchiro akachukua mtungi wake akaenda kwa Nungunungu.

Nungunungu alikuwa anatembeza duka lake mgongoni. Kila mwiba umetundikwa kitu. Akitembea: chaka-chaka, chaka-chaka. Siku ile Chui alikuwa amemtangulia Nguchiro, na Chui hakuwa mnunuzi wa kubabaisha.

"Hiki ni nini?" Chui akauliza.

"Hilo ni keekee, bwana mkubwa. La kutobolea barafu. Unazungusha mpini linaingia lenyewe: kree, kree, kree."

"Nipe mawili. Na hiki?"

"Mshipi mwekundu, na ufito wake wa kuvulia, na ndoano dazeni."

"Nipe mishipi miwili, na ndoano nyingi. Na hiki?"

"Hema. Na kiti cha kukunja. Na sanduku la kuwekea samaki. Na jiko la chuma, kubwa kuliko majiko yote niliyowahi kubeba."

"Vyote. Bei?"

Nungunungu akayatazama meno ya Chui. Akayatazama tena. "Kwako, bwana mkubwa," akasema, "ni zawadi."

"Nilifikiri hivyo," akasema Chui, akavikokota vyote akaenda navyo.

Ndipo Nguchiro akasogea. "Shikamoo, mzee Nungunungu."

"Marahaba, Bi Nguchiro. Keekee limebaki moja. Mitungi miwili ya asali."

"Nina nusu mtungi. Kile chuma ulichokalia?"

"Huu? Huu ni mtaimbo tu, umevunjika ncha. Si wa kuuza, ni wa kukalia."

"Nauchukua. Mshipi?"

"Mwekundu huu hapa. Wekundu huvutia."

"Huvutia samaki au mnunuzi?"

Nungunungu akautundika tena mwibani. Alikuwa mchuuzi, lakini hakuwa mwongo sana. "Mnunuzi," akasema.

"Nipe ule mweusi. Na ndoano moja."

"Watu huchukua dazeni."

"Mdomo wa samaki ni mmoja."

"Na ikipotea?"

"Haitapotea."

"Upawa wa kuzolea vipande vya barafu shimoni?"

"Upawa ninao nyumbani."

"Wa mavyaa wako?"

"Wa mavyaa wangu."

"Na umemwomba?"

"Bado."

"Mungu akusaidie," akasema Nungunungu, akapokea asali. Akamrudishia kiasi cha kulamba watoto, kwa kuwa alimhurumia kuhusu ule upawa.

Nguchiro akafika nyumbani na chuma kilichovunjika, uzi mweusi na kijipindo kimoja cha chuma. Mavyaa akavitazama kutoka alikolala.

"Mkaza mwanangu, asali imekwenda wapi?"

"Ndiyo hii, mama."

"Hii? Jirani yetu Chui amepita hapa na hema. Na kiti. Mimi miguu yangu inakufa kwa baridi, na wewe umeninunulia kutu?"

"Nitaiondoa kutu, mama. Na naomba upawa wako."

Sitawasimulia maneno yaliyofuata. Upawa ulipatikana.

Usiku kucha Nguchiro alinoa mtaimbo juu ya jiwe. Kwi, kwi, kwi. Ncha ikarudi. Akatafuta kokoto yenye tundu, akaifunga mshipini iwe chubwi ya kuuzamisha. Akakata kijiti kiwe ufito. Akafunga kamba kwenye mtaimbo, ncha ya pili akaifunga kiunoni, maana chuma kikiteleza shimoni hakirudi kuaga.

Asubuhi akaingia ziwani. Hakukimbia. Kila hatua aligonga mbele yake kwa mtaimbo na kutega sikio. Barafu nene hulia *ti*. Barafu nyembamba hulia *to*. Ikilia *ti*, unakwenda. Ikilia *to*, unarudi. Ti, akaenda. Ti, akaenda. Ti, ti, ti. Akachagua mahali, akatoboa: ko, ko, ko, ko! Akazoa vipande kwa upawa wa mavyaa. Akarundika theluji ikawa ukuta wa kuzuia upepo, akakalia mkia wake, ukawa kiti. Chambo chake kilikuwa funza mmoja aliyemtoa kwenye gogo. Akashusha mshipi.

Mpaka jua la utosini alikuwa na samaki watatu.

Akarudi, watoto wakala, mavyaa akala, akasema samaki hawa wana miiba mingi. Nguchiro mwenyewe hakulala kwanza. Mshipi mbichi ukiuacha kwenye baridi unaganda, na ukiganda unakatika kama ukuti mkavu. Akaukausha kando ya moto, si karibu sana. Akapaka ndoano mafuta ya samaki isishike kutu. Akanoa mtaimbo. Akatundika kila kitu. Watoto wakamwimbia:

Kausha, paka, noa, tundika!
Kausha, paka, noa, tundika!
Kesho tule tena!

Na Chui je? Chui siku ya kwanza alivua samaki ishirini. Nasema kweli, keekee lile lilikuwa zuri. Kree, kree, kree, shimo tayari. Akala ishirini wote palepale, akashiba, akaacha keekee ndani ya shimo, akaacha mshipi chini kama utumbo, akaenda kulala ndani ya hema lake, alilolisimika ufukoni.

Usiku shimo likaganda na keekee ndani yake. Asubuhi Chui akavuta. Keekee likakataa. Akavuta kwa nguvu zake zote, na Chui ana nguvu. Ka! Mpini ukabaki mkononi.

"Si kitu," akasema Chui. "Ninalo la pili."

Akaokota mshipi mwekundu. Umeganda bonge moja. Akaunyoosha. Kacha! Vipande saba.

"Si kitu. Ninao mwingine."

Siku ya tatu keekee la pili likamponyoka, likaingia shimoni: chubwi! Alilichungulia likishuka mpaka asilione tena.

"Si kitu," akasema. Akageuka nyuma kulichukua la tatu. Hakukuwa na la tatu. Akaenda kwa Nungunungu. Nungunungu alikuwa amehamia nyuma ya mlima kwa sababu za kiafya.

Mshipi wa pili ulikuwa umeganda ukakatika kama wa kwanza. Ndoano nazo zilikuwa zimekaa zimelowa ndani ya sanduku, zikashikana kwa kutu zikawa kitu kimoja chenye mikono mingi. Chui akakaa kwenye kiti chake cha kukunja, mbele ya jiko lake kubwa, ndani ya hema lake zuri, na njaa.

Siku ya tano alisikia harufu ya samaki. Akaifuata. Akamkuta Nguchiro shimoni kwake, samaki watatu pembeni.

"Nguchiro."

"Shikamoo, bwana mkubwa."

Chui hakuitikia. Alikula samaki wa kwanza, akala wa pili, akala wa tatu na kichwa chake.

"Kesho utaleta sita," akasema. "Watoto wako ni wangapi?"

"Watatu, bwana."

"Na nani mwingine?"

"Mavyaa wangu."

"Mnene?"

"Amekauka, bwana. Ni ngozi na maneno."

"Samaki wakipungua sita, nitaanza na watoto," akasema Chui. "Huyo wa maneno nitamfikiria."

Nguchiro alirudi nyumbani mikono mitupu. Watoto walimtazama mikono, wakamtazama uso. Akawalaza. Wakalala wamekumbatiana, matumbo yakinguruma kwa zamu. Aliketi akawatazama. Kisha akamweleza mavyaa kila kitu.

Mavyaa akasikiliza mpaka mwisho. "Umenitaja mimi?"

"Aliuliza, mama."

"Siku nyingine akiuliza, mimi nimeshakufa." Akageukia ukutani. Halafu akageuka tena. "Mkaza mwanangu. Chui ana kila kitu. Kwa nini hashibi?"

"Havitunzi vitu vyake, mama."

"Amebaki na nini?"

"Hema, kiti, sanduku na jiko."

"Vyote vizito," akasema mavyaa.

"Vizito, mama."

Wakatazamana. Ilikuwa mara ya kwanza tangu harusi wanatazamana vile. Nguchiro akainuka, akakausha mshipi, akapaka ndoano, akanoa mtaimbo, akatundika.

Asubuhi hakwenda shimoni kwake. Alikwenda upande ule kijito kinapoingilia ziwani, ambapo maji ya chini hayatulii. Akagonga. Ti, ti, ti. Akasogea. Ti. Akasogea. *To.*

Akasimama. Akalala kifudifudi ili uzito utawanyike. Akatambaa kidogo, akatoboa kitundu kidogo. Pale mkondo ulikuwa unaleta chakula, na samaki walijaa kama watu kwenye karamu. Akavua sita upesi, akatambaa kurudi, akawapeleka kwa Chui.

Chui akala sita. "Kesho kumi na wawili."

"Kumi na wawili ni rahisi, bwana mkubwa. Hawa ni watoto. Wazee wao ndio walionishinda."

"Wazee gani?"

"Kule mdomoni pa kijito wanakaa samaki wazee, wakubwa kama ndama. Nimemwona mmoja akanitazama akacheka. Mimi ni mwepesi, bwana, akinivuta naingia. Anatakiwa mvuvi mwenye uzito."

Chui akajinyoosha. "Mimi nina uzito."

"Ndiyo, bwana. Ila wana shida moja. Wamezeeka, wanasikia baridi. Hawapandi juu mpaka wasikie joto."

"Mimi nina jiko."

"Kubwa?"

"Hujaliona? Hakuna kubwa kuliko hilo."

"Basi labda," akasema Nguchiro, "lakini sijui mtu mkubwa kama wewe utakaaje upeponi bila hema. Na utakaa chini kama mimi? Na hao samaki wakubwa utawatia wapi?"

"Nina hema. Nina kiti. Nina sanduku!" Chui akanguruma kwa furaha. Hakuna anayependa kuulizwa habari za vitu vyake kama mtu mwenye vitu. "Ila mshipi sina. Lete wako."

Hapo Nguchiro alipiga hesabu. Mshipi ule ndio ulikuwa shamba lake. Ndoano ilikuwa moja. Lakini ukimnyima Chui utampa kwa njia nyingine.

"Chukua, bwana. Nitafunga ncha hii kwenye mwamba huku ufukoni, samaki mzee asije akaondoka nao."

"Akili nzuri," akasema Chui.

Chui akakokota jiko. Krrr. Barafu ikasema: to.

"Nini hicho?"

"Samaki wanabisha hodi, bwana."

Akakokota sanduku. To. Akaleta kiti, akaleta magogo, akasimika hema. To, to.

"Wengi!" akasema Chui.

"Wengi, bwana. Mimi nisiwatishe, nangojea ufukoni."

Chui akaingia ndani ya hema, akakaa kitini. Akawasha jiko. Moto ukavuma: vuuu! Akaongeza gogo. Vuuu! Miguu ikapata joto, akafurahi, akaongeza lingine. Akashusha ndoano katika kitundu cha Nguchiro, akangoja.

"Miguu imelowa," akasema kutoka ndani.

"Ndiyo dalili, bwana! Wanapanda!"

"Jiko limeinama."

"Wanalisukuma kwa chini! Ongeza moto!"

Chui akaongeza moto.

Barafu haikusema tena *to*. Ilisema *kwaaaa*, kutoka ufuko huu mpaka ufuko ule, kisha jiko likazama, chwiiiii, na sanduku likalifuata, na kiti, na magogo, na Chui, na hema likamfunika juu kama shuka.

Kimya.

Kisha kichwa cha Chui kikatoboa hema. Akaanza kuogelea, na mbele yake barafu, akaivunja kwa kifua: kwaa! Akaivunja tena: kwaa! Nguchiro alimwona anakuja, na miguu ikamwambia kimbia. Lakini akauona mshipi wake, umetoka mwambani, umekwenda moja kwa moja mpaka kwenye mdomo wa chini wa Chui. Ndoano ilikuwa imekaa pale, imeshika vizuri. Hakukimbia.

Chui akapanda ufukoni. Upepo wa kipupwe ukampata. Maji mwilini mwake yakaganda palepale, kila unywele ukasimama peke yake, akawa kama Nungunungu. Akamwendea Nguchiro: kacha, kacha, kacha. Akataka kufungua kinywa ammeze. Kinywa kilikuwa kimeganda, na makucha pia.

"Samahani, bwana mkubwa," akasema Nguchiro. "Tulia kidogo. Hiyo ndoano ninayo moja tu."

Akasimama kwa miguu ya nyuma, akashika mdomo wa Chui kwa mkono mmoja, akaizungusha ndoano taratibu kama anavyomtoa samaki aliyemeza sana, akaitoa. Haikuwa imepinda. Akaifuta kwa manyoya ya kifua chake mwenyewe. Macho ya Chui yalimtazama muda wote huo. Yalikuwa hayajaganda, na yalisema mambo mengi.

"Pole sana," akasema Nguchiro. "Bondeni kuna jua. Ukienda sasa, mpaka jioni kinywa kitafunguka."

Chui hakuwa na shauri lingine. Akateremka mlima, kacha, kacha, kacha, bila kupinda magoti.

Nguchiro alimtazama mpaka akapotea. Kisha akaurusha mshipi, akanasa hema lililokuwa linaelea kwenye maji, akalivuta pole pole. Wakalikausha wiki nzima. Likatosha watoto watatu na miguu ya mavyaa, na mavyaa akasema ni kitambaa kizuri ila kina harufu ya Chui.

Kule bondeni paa, nguruwe na nyani walimwona Chui anafika, anadondokwa na maji. Nyani akauliza, kwa mbali:

"Bwana Chui, huko juu kukoje? Ziwa lina samaki?"

Sasa Chui afanye nini? Aseme wapo? Akiulizwa, mbona hukuwaleta? Na mdomo huo umefanya nini?

"Ziwa lile," akasema Chui, "halina hata samaki mmoja. Atakayepanda kule nitamla."

Neno la Chui halibishiwi. Tangu siku ile hakuna aliyepanda. Nguchiro akabaki na ziwa zima, na Nungunungu akarudi na duka lake kwa kuwa afya yake ilikuwa imepata nafuu. Kila jioni moshi mwembamba ulipanda kule juu, na wanyama wa bondeni wakauona wakasema, maskini Nguchiro, anachemsha mawe.

Haya, funzo. Hadithi bila funzo ni kama chai bila kikombe. Funzo ni hili: rahisi ni ghali, kwa hiyo nunueni jiko kubwa. Na la pili: mkubwa akisema, aminini. Chui kasema ziwa halina samaki, basi halina. Mimi nimetoka huko leo, nimekula wawili, na nawathibitishia kwamba hawapo.

Nimeitua!
— Tumeipokea!
Ikiwalemea?
— Tutamtwika jirani!